Majani Meupe ya Mahindi: Njaa ya Zinki

Mahindi yakiwa ya magotini, swali huwa ni lilelile: "Bwana Shamba, mbolea nimetia, mbona mahindi yamedumaa?" Basi, kabla hujatoa fedha kununua mfuko mwingine, ingia shambani utazame majani.

Majani ya chini, yale ya zamani, yakigeuka manjano kuanzia nchani, mmea unakosa naitrojeni. Lakini majani machanga ya juu yakiwa na mkanda mpana mweupe kila upande wa uti wa jani, huku uti wenyewe na kingo zimebaki kijani, hiyo ni dalili ya njaa ya zinki. Usiichanganye na ugonjwa wa milia, unaoleta vistari vyembamba vilivyokatikakatika. Huo ni wa virusi, hautibiwi kwa mbolea.

Zinki ni madini. Tani moja ya mahindi hubeba zinki gramu 20 hivi tu, lakini naitrojeni kilo 15 hivi. Ni kidogo kama chumvi kwenye mchuzi, ila ikikosekana utaijua.

Je, mmea huipataje? Zinki hushikwa na chembe za udongo, na ile inayoyeyuka hujongea milimita chache tu. Haiufuati mzizi, mzizi ndio unaoifuata, kwa vinyweleo vyake na kwa msaada wa kuvu wanaoishi nao. Kwa hiyo udongo ulioshindiliwa huzuia mizizi kuifikia, na udongo wenye chokaa nyingi huifunga. Mahali udongo wa juu umechukuliwa na mvua, zinki huwa haba.

Fosfeti nyingi nayo huongeza njaa hiyo. Hapo ndipo wengi hupotea: mahindi yamedumaa, mtu anaongeza TSP, kisha anamwaga na majivu. Amenunua njaa kwa fedha yake mwenyewe!

Fanya hivi, ndugu mkulima. Moja, usiongeze TSP wala majivu hapo. Mbili, chukua salfeti ya zinki gramu 100, koroga katika maji lita 20, halafu tia chokaa iliyozimwa gramu 50 ili majani yasiungue. Chuja, unyunyize jioni jua likipoa. Tatu, acha mistari miwili bila kunyunyiza. Baada ya wiki mbili linganisha majani mapya. Yakiwa kijani uliponyunyiza na meupe ulipoacha, umepata jibu. Yakiwa sawa, usinunue tena. Mwite Bwana Shamba, udongo ukapimwe.

Kwa msimu ujao, tia samadi iliyooza vizuri na uzuie mmomonyoko. Samadi ina zinki yake, tena husaidia iliyomo udongoni isifungwe.

Mpaka wiki ijayo, ndugu mkulima, kazi njema.