Jeni ya INSL3 na Uzazi wa Madume ya Mifugo

Mfugaji asemapo kuwa fahali wake ni dume kamili, huyachanganya mambo mawili ambayo elimu ya viumbe yayatenga: hamu ya kupanda na uwezo wa kutungisha mimba. Lugha yetu nayo huyachanganya. Dume aliyehasiwa twamwita maksai, na jike asiyezaa twamwita tasa; lakini fahali ambaye kende zake hazikushuka, apandaye majike kwa nguvu zote wala asitungishe mimba, si maksai, na neno tasa halimkai vizuri. Hali yake yapasa kuelezwa, na sehemu kubwa ya maelezo hayo imo katika jeni iitwayo INSL3.

Katika makala haya, kende ni tezi zenyewe na pumbu ni mfuko uzibebao, ijapokuwa katika mazungumzo maneno hayo hupokezana. Kende huanzia ndani ya tumbo, karibu na mafigo, nazo hufungwa kwa kano ambayo wataalamu wa anatomia waliipa jina la Kilatini lenye maana ya usukani. Ndani ya kende zimo seli za Leydig, zitoazo homoni mbili. Moja ni testosteroni, ijulikanayo na wengi. Ya pili hutengenezwa kwa agizo la INSL3. Hiyo ya pili huinenepesha kano, nayo kano huishikilia kende karibu na kinena wakati mwili wa kijusi uendeleapo kurefuka. Hatua ya mwisho, ya kuingia pumbuni, hutegemea zaidi testosteroni. Jeni hii ilielezwa mwaka 1993 kutokana na kende za nguruwe. Na mwaka 1999 makundi mawili ya watafiti yalionyesha kuwa panya dume walioikosa hubaki na kende zote mbili tumboni.

Hasara yatokana na joto. Kende za fahali zahitaji joto lililo chini ya lile la mwili kwa digrii 2 hadi 6 hivi. Zikibaki tumboni, mbegu hazikomai. Testosteroni, hata hivyo, huendelea kutoka, na ndiyo maana fahali yule ana shingo nene na hamu vilevile, na mwenyewe aweza kupoteza msimu mzima akiingojea mimba. Mwenye hatari zaidi ni beberu (nakusudia mbuzi, si yule wa siasa) aliyeshusha kende moja tu: huyo huzalisha, na kasoro yake, ambayo mara nyingi hurithiwa, huienea zizi zima. Si INSL3 peke yake ihusikayo. Zipo jeni nyingine, ikiwamo RXFP2, ile ya kipokezi cha homoni hiyo.

Sasa jina. Herufi INS zatokana na insulini. Walioipa jina walitazama umbo, yaani minyororo miwili iliyofungamanishwa kwa viungo vya salfa, wala hawakutazama kazi. Mfasiri aandikaye “homoni mfano wa insulini” atafsiri maneno sawasawa na kumpoteza bwana mifugo, ambaye atadhani habari ni ya kisukari. “Homoni ya kiume” nalo limekwisha kukaliwa na testosteroni. Tena ovari za jike huitoa INSL3 pia. Kwangu mimi, “homoni ya kushusha kende” lafaa zaidi katika vitabu vya wafugaji, alama ya INSL3 ikibaki kando yake kama ilivyo. Kwa jike jina hilo halitakuwa na maana, lakini kwa jike mfugaji hana haja nalo.