Waka, washa, zima, zimika: lugha ya gari kongwe lisilowaka

Sentensi “gari haliwaki” ni sahihi kisarufi, lakini humwambia fundi machache mno. Makala haya yanafafanua vitenzi vinavyohusu uwashaji wa gari, na kuonyesha jinsi chaguo la neno linavyoweza kuelekeza au kupotosha utafutaji wa hitilafu.

Chukua mfano wa Datsun 240Z, gari la michezo kutoka Japani lenye injini ya silinda sita, lililoshinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1971 na 1973. Tuseme gari la aina hiyo limepanda mlima Kitonga, likafika Ilula, wilayani Kilolo, na kugoma karibu na mabanda ya nyanya. Fundi yuko Iringa mjini. Akiambiwa tu kwamba gari haliwaki, abebe nini: betri, stata, plagi au koili?

Waka na washa

Waka ni kitenzi kisoelekezi: moto unawaka, taa inawaka, injini inawaka. Washa ni kauli yake ya kusababisha, ambapo k hugeuka sh, kama ilivyo katika anguka na angusha, au ruka na rusha. (Washa ya upupu, yenye maana ya kufanya ngozi ijikune, ni kidahizo kingine.)

Kwa gari, kitenzi washa hukusanya matendo mawili. La kwanza ni kupiga stata, yaani kuizungusha injini kwa nguvu ya betri. La pili ni cheche kuunguza mchanganyiko wa petroli na hewa ndani ya silinda. Ndiyo maana mtafsiri wa kitabu cha maelekezo ya gari hapaswi kutumia washa kwa yote mawili. Kwa la kwanza atumie piga stata. Kwa la pili, aseme injini inashika moto.

Hitilafu nne, kauli nne

*Stata haizunguki.* Ufunguo unageuzwa, lakini injini haizunguki. Pengine husikika mlio mmoja tu mkavu. Hapa cheche bado hazihusiki. Kagua betri, ncha zake kama zina kutu au zimelegea, swichi ya ufunguo, kisha stata yenyewe.

*Stata inazunguka, injini haishiki moto.* Betri ina nguvu. Kinachokosekana ni cheche au petroli. Ili kupima cheche, plagi huchomolewa, hurudishwa kwenye waya wake, na sehemu yake ya chuma huegemezwa kwenye chuma cha injini wakati mwenzako anapiga stata. Cheche ya buluu yenye mlio ni dalili njema; ya njano na hafifu huonyesha udhaifu wa koili, kondensa au pointi. Plagi ishikwe kwa koleo lenye mpini wa mpira, kwa kuwa koili hutoa maelfu ya volti, na pasiwe na petroli iliyomwagika karibu.

*Injini huwaka ninapopiga stata, huzimika nikiachia ufunguo.* Kauli hii ina thamani kubwa. Katika magari mengi ya zama hizo, umeme wa koili hupitia rezista wakati injini inapoendelea kuunguruma. Wakati wa kupiga stata, rezista hiyo hurukwa ili cheche iwe na nguvu. Ikikatika, injini hushika moto kwa muda wa stata tu. Kiambishi hu- cha mazoea hakina budi kubaki katika tafsiri, kwa sababu kinamjulisha fundi kwamba jambo hilo hujirudia kila mara.

*Injini inamisi.* Kumisi ni neno la gereji lililokwishazoeleka: silinda moja au zaidi hukosa kuunguza, na injini hutetemeka, hasa mlimani. Katika maandishi rasmi unaweza kusema baadhi ya silinda hazishiki moto. Hapa hukaguliwa plagi, waya zake, kifuniko cha distribyuta, na pointi, ambazo zikifunguka huacha mwanya wa takribani nusu milimita.

Zima na zimika

Zima ni kitenzi elekezi: dereva amezima injini. Zimika huonyesha kwamba tendo limetokea bila kutajwa mtendaji: injini imezimika. Usemi “gari limezima” umeenea, na katika mazungumzo haupaswi kukemewa. Katika ripoti ya kazi, hata hivyo, zimika ndiyo bora, kwani huondoa swali la kama dereva aliizima mwenyewe.

Upatanisho na njeo

Katika Kiswahili sanifu, gari ni la ngeli ya LI-YA: gari limewaka, magari yamewaka. Injini, plagi na cheche ni za I-ZI. Upatanisho huu una faida ya kiufundi: limezimika ni gari, imekatika ni waya au rezista.

Angalia pia njeo. “Gari limewaka” kwa kawaida ni habari njema. “Gari linawaka” huweza kusikika kama tangazo la janga. Ikiwa kweli kuna moto, sema linaungua au linateketea.

Mfano wa matumizi

“Habari za kazi, fundi. Nipo Ilula. Gari lilizimika baada ya kumaliza Kitonga. Stata inazunguka vizuri na petroli ipo. Injini hushika moto ninapopiga stata, huzimika nikiachia ufunguo.”

Kwa maneno hayo, fundi ataacha betri na stata gerejini, na atakuja na rezista na kipima umeme. Mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi sentensi “gari haliwaki” na kuwataka waiandike upya kwa njia nne, kila moja ikitaja hitilafu tofauti.