Mzazi Anayeumiza kwa Maneno na Mtoto Aliyekwishakuwa Mtu Mzima

Ukatili wa kihisia wa mzazi ni mwenendo wa kumdhalilisha mtoto, kumtisha, kumkataa au kumtawala kwa maneno na kwa ukimya, hata kama mkono haujawahi kuinuliwa. Mama aliyechoka akafoka jioni moja, kisha asubuhi akajirudi, hajafanya ukatili. Baba anayetaka watoto wote wawe nyumbani kabla ya magharibi, na anayeeleza sababu yake, ni mkali tu. Ukatili huanza pale dharau inapokuwa ndiyo mazungumzo ya kila siku: mtoto anaitwa mkosi, analinganishwa na binamu yake mbele ya wageni, ananuniwa wiki nzima bila kuambiwa kosa, anasimangwa kwa chakula alicholishwa na ada aliyolipiwa, na siri aliyomnong'oneza mzazi inageuzwa kichekesho sebuleni.

Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza barani Afrika kupima kwa ngazi ya taifa ukatili wa kingono, wa kimwili na wa kihisia kwa pamoja, kwa wasichana na wavulana. Utafiti ulifanyika mwaka 2009 na matokeo yakatolewa mwaka 2011. Takriban robo ya vijana wa miaka 13 hadi 24 walieleza kwamba kabla ya kufikisha miaka 18 mtu mzima aliwahi kuwatukana, kuwafanya wajione hawatakiwi, au kuwatishia kuwatelekeza. Vijana hao leo ni watu wazima. Wengi wana kazi, ndoa na watoto, na kwa baadhi yao aliyesema maneno hayo bado anapiga simu kila Jumapili.

Maneno ya mzazi hupenya kuliko ya mtu mwingine kwa sababu mtoto hujifunza kwake kama dunia ni mahali salama. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth alilichunguza jambo hili nchini Uganda katikati ya miaka ya 1950, akizitembelea familia katika vijiji vya karibu na Kampala. Aliona namna mtoto anayetambaa anavyomwacha mama, akageuka kumtazama, akarudi, kisha akaondoka tena kwenda mbali zaidi. Mtoto ambaye mama yake aliisikia haraka shida yake ndiye aliyekuwa na utulivu wa kuchunguza mambo. Anayelelewa na mtu ambaye leo anambembeleza na kesho anamtusi hukosa utulivu huo. Hukua akisoma uso wa mzazi saa zote, akikisia hali ya hewa ya nyumba kabla hajasema neno.

Athari zake huonekana miaka mingi baadaye. Utafiti mkubwa wa San Diego, Marekani, uliochapishwa mwaka 1998 na madaktari Vincent Felitti na Robert Anda na wenzao, uliwauliza watu wazima kuhusu utoto wao, kutukanwa na kudhalilishwa nyumbani kukiwamo. Kadiri mtu alivyopitia aina nyingi za mateso utotoni, ndivyo alivyoelekea zaidi kupata sonona, kulewa kupindukia na kujaribu kujiua. Katika maisha ya kawaida dalili huwa ndogo kuliko hizo na ni rahisi kuzipuuza. Simu ya nyumbani ikiita, tumbo linasokota. Mtu anaomba msamaha kwa kosa ambalo si lake, anashindwa kumkatalia bosi, anaficha kupandishwa cheo ili asisikie kwamba anajidai. Akisifiwa, anatafuta mtego uko wapi. Wengine huolewa au kuoa mtu mwenye ulimi uleule, kwa kuwa ndio waliouzoea.

Afrika Mashariki mtu mzima wa namna hii amefungwa na mambo ambayo vitabu vingi vya ushauri kutoka Ulaya na Marekani haviyagusi, na kubwa kuliko yote ni radhi. Mzazi anayejua nguvu ya radhi anaweza kuitumia kama silaha katika kila jambo: ukihamia mji fulani sina radhi nawe, ukimwoa yule usinizike, nilikubeba miezi 9 na titi langu utalikumbuka. Anayeambiwa hivyo haoni kwamba anatishwa. Anaona kwamba mlango wa baraka umefungwa. Biashara ikiyumba au mimba ikiharibika, maneno yale yanarudi kichwani kama hukumu. Huu ni ukatili mzito mno, kwa sababu mzazi anakuwa ameigeuza imani ya mtoto wake kuwa kamba ya kumfungia. Radhi zimekusudiwa kuwa dua njema ya mtu aliyelea. Anayezitoa na kuzinyang'anya kila wiki, kulingana na kiasi cha fedha alichotumiwa, amekwishaondoka katika maana yake.

Dini nazo hutajwa upande mmoja. Ni kweli kwamba Qurani, katika sura ya 17, inakataza hata neno dogo la kuonyesha kuchoshwa na wazazi. Lakini sura ya 31 inaeleza pia kwamba mzazi anayemshinikiza mtoto wake katika shirki asitiiwe katika hilo, huku mtoto akiendelea kukaa naye kwa wema. Hapo utii umewekewa mpaka na wema umebaki. Paulo naye, baada ya kuwaagiza watoto wawatii wazazi, anawageukia akina baba na kuwakataza kuwachokoza watoto wao. Katika waraka kwa Wakolosai anataja sababu, kwamba watoto wasije wakakata tamaa. Ni nadra kusikia nusu hii ya pili kwenye vikao vya kusuluhisha familia.

Hata Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu wa mwaka 1981 unambebesha kila mtu wajibu wa kuwaheshimu wazazi wake wakati wote na kuwatunza wanapohitaji. Umo katika ibara ya 29. Ibara ya 5 ya mkataba huohuo inalinda utu wa kila binadamu. Zikisomwa pamoja, zinatoa mwanga ambao watu wengi wanauhitaji sana: kumtunza mzazi ni jambo moja, na kukubali kudhalilishwa naye ni jambo jingine. Mtoto anaweza kulitimiza la kwanza kwa ukamilifu na kulikataa la pili, bila kumvunjia mzazi heshima.

Kuvitenganisha hivyo viwili ndiyo kazi yenyewe, na huanza ndani ya mtu. Wengi hupoteza miaka wakingoja siku ambayo mzazi atakiri. Hujiambia kwamba wakijenga nyumba, wakimpeleka Hija, wakimletea mjukuu, hatimaye atasema, "Nilikukosea, mwanangu." Wako wazazi wanaolisema neno hilo, na likisemwa kwa moyo linaponya. Wengi hawalisemi. Baadhi yao walilelewa kwa matusi makali zaidi na hawajui malezi mengine. Wengine wakiambiwa hushangaa kwa dhati, au hukana, au hulia hadi mtoto ndiye anayebaki kubembeleza. Kuielewa historia ya mzazi kunapunguza chuki, lakini hakumlazimishi mtoto aendelee kuumizwa. Kukubali kwamba huenda ungamo hilo lisije kamwe ni msiba, na unahitaji kuliliwa kama msiba.

Baada ya hapo huja mipaka. Mpaka si amri kwa mzazi aache kutukana, kwa maana hakuna mtoto anayeweza kuutawala ulimi wa mama au baba yake. Ni uamuzi wa mtoto kuhusu atakachofanya yeye matusi yakianza. "Mama, nakuheshimu. Mazungumzo haya yakiwa ya matusi nitakata simu, nitapiga kesho." Kisha simu ikatwe kweli, kwa upole, na kesho ipigwe kweli. Mara za kwanza hasira ya mzazi hupanda badala ya kushuka. Anajaribu kama msimamo ule ni wa kweli. Anayerudi nyuma hapo humfundisha mzazi kwamba akiongeza sauti atashinda. Habari za ndani pia huchujwa. Mzazi anayegeuza siri kuwa fimbo hapewi habari za ugomvi wa ndoa wala kiasi cha mshahara. Anaulizwa afya yake, mvua na majirani, na akichokoza anapewa jibu fupi lisilo na pa kushikia.

Fedha zina uzito wa pekee. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na kufuatwa na nyingine kama hiyo katika nchi jirani, ombi la fedha linafika saa yoyote, na jibu linatarajiwa papo hapo. Kwa mzazi mwema hii ni neema tupu. Kwa mzazi anayetawala kwa masimango, kila ujumbe ni mtihani wa upendo: aliyetuma elfu hamsini anaulizwa kwa nini si laki. Mtoto anayetuma kwa hofu hutuma ovyo, leo kingi, kesho anakopa ili atume. Linalosaidia ni kupanga kiasi anachokiweza, tarehe moja ya mwezi, na kukilipa bila kukosa hata mwezi ambao ametukanwa. Dawa na hospitali ziwe na fungu lake, na panapowezekana zilipwe moja kwa moja duka la dawa au zahanati. Matunzo yakishakuwa ya ratiba hayawi tena zawadi ya utulivu wala adhabu ya ugomvi.

Ndugu na wazee wanaweza kuokoa au kuangamiza. Shangazi au mjomba mwenye busara, ambaye mzazi anamsikiliza, ana nafasi ambayo mshauri wa mjini hatakuwa nayo. Lakini kikao kinachofunguliwa na kufungwa kwa "mzazi ni mzazi" humrudisha mtu nyumbani akiwa na jeraha jingine. Ni bora kuzungumza kwanza na mmoja anayeaminika kuliko kumwaga yote kwenye kundi la familia la WhatsApp.

Kukaa mbali ni njia halali. Wako wanaohamia mkoa mwingine, wanaokwenda nyumbani kwa siku mbili badala ya wiki mbili na kulala kwa dada yao. Kukata mawasiliano kabisa ni hatua nzito, hasa mahali ambapo harusi, msiba na ardhi vyote hupitia ukoo. Hata hivyo kupo kila mahali: uchunguzi wa Karl Pillemer wa Chuo Kikuu cha Cornell, uliochapishwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba asilimia 27 ya Wamarekani watu wazima walikuwa wamekatana na ndugu fulani. Penye vitisho vya kuua, kuvizia kazini au kumwumiza mjukuu, hatua hiyo haina haja ya kuombewa radhi.

Sheria nayo ipo. Kenya, kupitia Sheria ya Ulinzi Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2015, inautambua ukatili wa kihisia na wa maneno, na inawagusa wanafamilia, si wanandoa peke yao; mahakama inaweza kutoa amri ya ulinzi. Tanzania ina Madawati ya Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi, pamoja na maafisa ustawi wa jamii katika halmashauri. Kwa sheria, mtu aliyefikisha miaka 18 hahitaji ruhusa ya mzazi ili aoe au aolewe, jambo ambalo mabinti wengi wanaotishwa hawajawahi kuambiwa.

Ushauri nasaha hutolewa katika hospitali za rufaa zenye kitengo cha afya ya akili. Daktari Dixon Chibanda wa Zimbabwe alionyesha kuanzia mwaka 2006 kwamba hata bibi wa mtaani aliyefundishwa vizuri, akikaa na mgonjwa kwenye benchi na kumsaidia apange tatizo moja moja, anaweza kupunguza sonona. Mtindo huo umefika hadi Zanzibar. Mtu anayefikiria kujiua asingoje miadi. Aende hospitali siku hiyohiyo, tena asiende peke yake.

Aliye na watoto wake ana kazi ya ziada. Bibi au babu aliyemtukana mwana anaweza kuwa mpole ajabu kwa mjukuu, na hilo lenyewe linauma. Lakini akianza kumwita mjukuu mjinga, mzazi aliyepo hapo aseme wazi, mbele ya mtoto, kwamba maneno hayo si kweli. Mtoto anayetetewa mbele ya macho yake hayabebi.

Uzee hubadilisha hesabu. Mzazi aliyekuwa mpole maisha yote, kisha akawa mkali na mwenye kushuku watu ghafla, huenda ana maradhi ya usahaulifu, kiharusi kidogo au sonona, na anahitaji daktari. Yule aliyekuwa mkali tangu zamani, sasa amelala kitandani akitaka kuogeshwa, anamweka mtoto mahali pagumu kuliko pote. Zamu za ndugu na msaidizi wa kulipwa, wakipatikana, si ukosefu wa adabu. Aliyetukanwa zaidi si lazima awe ndiye anayelala naye chumba kimoja.

Kifo cha mzazi wa namna hii huleta mchanganyiko ambao wafiwa wengi huuficha: huzuni, nafuu, hasira, na aibu ya kupata nafuu. Aliyeombwa kusoma wasifu wa marehemu anaweza kusema yale mema yaliyo kweli na kuyaacha mengine, au kumwachia ndugu kazi hiyo. Kusamehe hakuna tarehe ya mwisho na hakulazimishwi kaburini. Watu wengi huweza kuyazungumza waliyopitia kwa mara ya kwanza miezi kadhaa baada ya arobaini, hofu ya kusikiwa ikiwa imeondoka, na mshauri anayewapokea wakati huo hajachelewa.