Bakteria wa Ngozi na Maradhi ya Tezi Dume

Katika ngozi ya karibu kila mtu mzima huishi bakteria aitwaye Cutibacterium acnes, ambaye hupendelea vitundu vya vinyweleo kwa kuwa humo oksijeni ni haba na mafuta anayojilisha ni tele. Kwa kawaida hana madhara makubwa, ingawa huchangia chunusi za ujana. Hata hivyo, watafiti wamemkuta pia ndani ya tezi dume, yaani kiungo cha mwanamume kilicho chini ya kibofu, ambacho huuzunguka mrija wa mkojo na kutoa sehemu ya majimaji ya manii.

Uchunguzi wa tezi za wagonjwa 34 wa saratani, uliochapishwa mwaka 2005, ulionyesha kuwa bakteria huyu aliota katika takriban asilimia 35 ya tezi hizo, na kwamba zile alimopatikana zilikuwa na inflamesheni zaidi. Inflamesheni ni namna mwili unavyojihami, ambapo chembe nyeupe za damu hukusanyika mahali palipoumia au palipovamiwa na vimelea. Utafiti mwingine, uliofanywa Sweden na kuchapishwa mwaka 2016, ulimkuta katika asilimia 60 ya tezi zenye saratani, ikilinganishwa na asilimia 26 ya zile zisizo nayo.

Hatari ya inflamesheni huja inapodumu kwa miaka, kwa sababu kemikali ambazo chembe nyeupe humwaga ili kuua vimelea huweza pia kuharibu vinasaba vya seli za tezi yenyewe, na seli zinazogawanyika upesi kuziba pengo la zilizokufa huweza kurithishana kasoro hizo. Wazo hili lina mfano unaojulikana: Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kugundua bakteria Helicobacter pylori na mchango wake katika vidonda vya tumbo, na inflamesheni anayoisababisha imethibitika kuongeza hatari ya saratani ya tumbo.

Kwa tezi dume, uthibitisho wa namna hiyo haujapatikana. Bakteria aliyeenea ngozini huweza kuingia katika sampuli wakati wa upasuaji au maabarani, na kukutwa kwake penye ugonjwa hakutoshi kumfanya chanzo cha ugonjwa huo. Visababishi vya hatari vinavyotambuliwa bado ni umri mkubwa, historia ya ugonjwa katika ukoo na asili ya Kiafrika.

Kwa hiyo mwanamume asinunue antibayotiki kwa kuihofia ngozi yake, kwani kuzitumia ovyo huzalisha bakteria sugu. Anayepata shida ya kukojoa au kuona damu katika mkojo amwone daktari bila kuchelewa, na ambaye baba au ndugu yake aliugua saratani hii azungumze na daktari kuhusu vipimo hata kabla ya dalili, kwa sababu saratani ya tezi dume katika hatua zake za mwanzo mara nyingi haionyeshi dalili yoyote.