Kabla ya Kuuliza Hospawa, Mnunuzi Apime Mteremko

Maharage yakishauzwa Kasulu na Kibondo na pesa ikishatulia mkononi, swali huwa ni lile lile: nichukue trekta la hospawa ngapi? Anaulizwa fundi, anaulizwa bwana shamba, anaulizwa muuzaji, na muuzaji hana haja ya kufikiri sana kwa sababu namba kubwa ndiyo yenye bei kubwa. Mtu amesafisha ekari 30 upande wa Kifura. Hajapima shamba lake linashuka kiasi gani, hajui visiki vingapi vimebaki ardhini, wala hajui fundi wa pampu ya dizeli wa karibu anapatikana mji gani. Lakini hospawa anazitaka 90.

Nyuma ya swali hilo kuna imani iliyozoeleka mno: Kigoma ya juu ni vilima, kwa hiyo trekta liwe na nguvu nyingi, na likivuta kwa magurudumu yote manne litapanda popote. Imani hiyo si kweli, na inaua watu.

Nguvu ya injini haina kazi mpaka ifike ardhini, na njia yake ni tairi. Tairi hushika kwa uzito unaoikandamiza. Kwenye udongo uliolegea, trekta la tani mbili na nusu likivuta kwa nguvu ya kilo 1,000 limefanya kazi nzuri. Kwa mwendo wa kulima wa kilomita 5 na nusu kwa saa, mvuto huo ni sawa na hospawa 20 tu kwenye plau. Hata baada ya kuhesabu zinazopotea kwenye giaboksi, kwenye tairi inayoteleza na kwenye udongo wenyewe, injini ya hospawa 45 au 50 inatosha. Zilizobaki za yule aliyenunua 90 zinazungusha tairi mahali pamoja, makucha yanasagika na dizeli inaungua. Akitaka mvuto zaidi aongeze uzito: vyuma vya mbele, au maji ndani ya tairi za nyuma.

Kuna sababu moja tu ya haki ya kuongeza hospawa kidogo huku juu, nayo haitajwi. Hewa ya miinuko ni nyepesi. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda kutoka usawa wa bahari. Kwenye mita 1,400, hospawa 50 za kwenye karatasi hubaki kama 43. Basi mnunuzi achukue 55 au 60, au injini yenye turbo. Hesabu hiyo haimfikishi 90.

Sasa kuua. Mashamba mapya ya Kibondo yanatoka kwenye msitu wa miombo, na visiki vyake vina mizizi ya kweli. Dereva anafunga mnyororo kwenye kisiki, upande wa pili anaufunga kwenye ekseli ya nyuma au juu zaidi, anaweka gia nzito, anaachia klachi. Kisiki hakitoki. Magurudumu ya nyuma hayawezi kwenda mbele, lakini injini inaendelea kuisukuma ekseli, na nguvu isiyoweza kuzungusha magurudumu huzungusha trekta lenyewe: pua inanyanyuka. Ndani ya robo tatu ya sekunde linapita mahali pa kurudi. Sekunde moja na nusu tangu lianze kunyanyuka, usukani na boneti viko juu ya dereva. Hakuna binadamu mwepesi kiasi hicho wa mguu. Na kadiri injini ilivyo na nguvu, ndivyo pua inavyopanda kwa kasi. Mnyororo hufungwa kwenye ndoano ya chini ya kuvutia, chini ya ekseli, basi. Na kisiki kikubwa huchimbwa kwa sururu na kukatwa mizizi kabla trekta halijasogezwa.

Kupinduka kwa ubavu ni kwa polepole zaidi, na ndiyo maana watu hawakuogopi. Trekta linalolima kukingama na mteremko huweka gurudumu moja ndani ya mfereji wa plau, na mfereji ukiwa upande wa chini, linainama kuliko kilima chenyewe. Plau ikinyanyuliwa juu wakati wa kugeuza, uzito unapanda nayo. Kisiki kimoja upande wa juu kinatosha kumaliza kazi. Kuvuta kwa magurudumu manne hakulipanui trekta hata sentimita moja. Kunasaidia kwenye tope na kwenye kushuka na tela, hilo likubalike, lakini pia kunamfikisha dereva mahali ambapo trekta la kawaida lingegoma mapema na kumwokoa.

Sweden ilianza kulazimisha fremu ya kinga, ile ya chuma inayomlinda dereva trekta likipinduka, kwenye matrekta mapya mwaka 1959, na vifo vya kupinduka vikashuka sana. Fremu hiyo na mkanda wake vinafanya kazi pamoja. Fremu bila mkanda ni kinga pungufu, na mkanda bila fremu si kinga kabisa. Huku, fremu hufunguliwa ili trekta lipite chini ya miembe, au huondolewa na kuwekwa kibanda cha bati cha kuzuia jua. Bati hilo halimlindi mtu. Trekta lisilo na fremu lisinunuliwe kwa ajili ya vilima, hata likiuzwa kwa bei ya kutupa.

Kupima mteremko hakuhitaji mtaalamu. Mpira mwembamba wa maji unaopitisha mwanga, fito mbili na futi ya kupimia vinatosha: kwenye umbali wa mita 10, ardhi imeshuka kiasi gani? Ikizidi mita moja na nusu, sehemu hiyo iachiwe jembe la mkono, migomba, kahawa, miti au majani ya mifugo. Hata trekta lingesalimika, udongo mwekundu uliolimwa pale ungeshukia bondeni na mvua za kwanza za Novemba.

Nchi hii ilishalipa ada ya somo la mashine kubwa. Mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 Kongwa, ukaenda Nachingwea na Urambo, mkoa jirani wa Tabora, ulileta matrekta yaliyochakaa ya masalia ya vita na vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Nguvu haikukosekana. Visiki, udongo uliokauka kama saruji na uhaba wa spea na mafundi viliyasimamisha, na mradi ukafutwa 1951. Baadaye, mpango wa serikali wa Kilimo Kwanza wa 2009 ulileta pawatila, yaani trekta za mkono za magurudumu mawili, kwa wingi. Mashine zilizobuniwa kwa majaruba ya mpunga zilipopelekwa kwenye ardhi kavu na ngumu, nyingi ziliishia kubeba mizigo. Na matrekta ya Ursus yaliyounganishwa Kibaha yalitoka kwa kampuni ya Poland iliyotangazwa kufilisika 2021. Anayenunua leo aulize kwanza spea zitatoka wapi miaka kumi ijayo.

Basi, machaguo. Mwenye chini ya ekari 20 asinunue: trekta lenye plau ya diski tatu hulima kama ekari moja kwa saa, kazi yake yote ni siku mbili au tatu, akodi. Au ashirikiane na wenzake, kwa mkataba wa maandishi unaosema nani analipa oili na nani anaendesha. Au maksai na plau yao, kwa mashamba madogo yaliyotawanyika. Mwenye bonde la mpunga, pawatila inamfaa. Mwenye ekari nyingi za tambarare au mwenye wateja wa uhakika wa kulimiwa na kusombewa mazao, hospawa 50 hadi 60, fremu, mkanda, tela lenye breki, na chapa ambayo fundi wa Kasulu ameshaifungua. Plau ya diski kwa shamba la visiki, kwa sababu diski hupanda juu ya mzizi badala ya kukwama. Lakini isilimwe kina kile kile kila mwaka, gamba gumu litajifunga chini. Mkopo upo Mfuko wa Taifa wa Pembejeo na Benki ya Maendeleo ya Kilimo. CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo cha Arusha, hupima zana, kiulizwe.

Kwa trekta lililotumika: mnunuzi afike asubuhi injini ikiwa baridi, aishike kwa mkono kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto, kuna kinachofichwa. Achomoe kijiti cha oili. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Anyanyue plau, azime injini, asubiri dakika tano: ikishuka, haidroliki imechoka. Trekta dogo kutoka Japan mara nyingi ni toleo lililouzwa huko tu, hivyo aandike namba ya chujio la dizeli na ya sahani ya klachi, apige simu Kahama na Mwanza, na kama hakuna duka lenye navyo, aliache hapo hapo.