Namba mbili pembeni mwa ubao

Malori ya Zambia yakishaegeshwa Mikumi, barazani kwenye maduka watu huzunguka ubao wa drafti, kete zikiwa visoda. Pembeni yao nilimkuta fundi simu mmoja, mzaliwa wa Kilosa, macho kwenye mchezo mwingine. Simuni mwake ilikuwa inachezwa sataranji, na wachezaji wote wawili walikuwa programu za kompyuta.

Mchezo huo ulikuwa wa mashindano yaitwayo TCEC, yaliyoanzishwa mwaka 2010 na Martin Thoresen wa Norway. Ubingwa wa dunia wa programu ulikuwepo tangu 1974, Kaissa ya Wasovieti ilipotwaa taji jijini Stockholm, lakini ulichezwa kwa siku chache tu. TCEC huchezwa usiku na mchana, kwa hiyo fundi huyafungua akishafunga kibanda chake.

Nilimuuliza kwa nini anayathamini hivyo. Hakunitajia bingwa. Alinionyesha namba mbili pembeni mwa ubao.

Kila programu hutangaza inavyouona mchezo. Sifuri ni sare. Moja na nusu maana yake Mweupe yuko pazuri sana. Chini yake yameorodheshwa mapigo inayoyatarajia. Kwenye drafti, anasema fundi, mtu hakwambii anachowaza, na akikwambia anakuchota. Hapa unaviona vichwa vyote viwili. Anachokesha akikisubiri ni pale zinapopingana: moja inasema sare, nyingine imeshaona ushindi. Pigo baada ya pigo zinabishana kimya kimya, kisha namba ya moja inaanza kuteleza. Fundi huhesabu ni mapigo mangapi yamepita kabla aliyezidiwa hajajua kwamba amezidiwa. Nilikaa naye kusubiri tukio moja kama hilo, na lilipofika nilijikuta nimeinuka kwenye benchi.

Heshima, kwake, inatokana na kwamba kila kitu kinakaguliwa. Kila ufunguzi huchezwa mara mbili kwa kubadilishana rangi, asije mtu akasema alipewa upande mbovu. Kuna madaraja, kupanda na kushuka, jambo ambalo shabiki wa Simba au Yanga haelezwi mara mbili. Fainali ni michezo 100. Mwaka 2019 programu ya Stockfish iliishinda nyingine, Leela, kwa 50.5 dhidi ya 49.5, msimu uliofuata Leela ikachukua taji. Fundi anayo michezo hiyo yote, maana mchezo mzima ni maandishi ya kilobaiti chache. Bando dogo linatosha, na akienda kwao Kilosa anaisoma bila mtandao. Mabingwa wa drafti aliowakuta huko utotoni hawakuacha hata pigo moja lililoandikwa, na hilo linamuuma waziwazi.

Yapo yasiyomtulia. Funguzi huchaguliwa na binadamu, kwa miaka mingi Jeroen Noomen wa Uholanzi, kwa sababu programu hizi zikiachiwa zianze zenyewe zitatoka sare mfululizo. Je, anayelazimishwa kuanzia mahali pabaya anacheza mchezo wake? Halafu Leela hutegemea kadi za michoro, Stockfish prosesa za kawaida. Nani anajua kadi ngapi zinalingana na prosesa ngapi? Fundi amesoma hoja za pande zote mbili na hakuna iliyomridhisha. Anachodai ni kwamba vifaa vitangazwe kabla ya pigo la kwanza, ili anayetaka kubisha awe na cha kushika.