MCHE WA MSHUBIRI NA KIANGAZI CHAKE CHA KWANZA



Familia nyingi hupenda kupanda mshubiri, ambao wengi huuita alovera, kando ya nyumba. Mshubiri uliokomaa hausumbui. Lakini miche mingi hufa katika kiangazi cha kwanza, na mara nyingi hufa kwa kumwagiwa maji mengi, si kwa kiu.

KWA NINI UNAVUMILIA JUA?
Jani la mshubiri ni ghala la maji. Mahindi na maharage hufungua vitundu vidogo vya majani mchana ili kuvuta hewa, na hapo maji hupotea. Mshubiri hufungua vitundu vyake usiku, wakati wa baridi. Ila mche una ghala dogo na mizizi mifupi, ndiyo maana unahitaji msaada.

WAKATI WA KUPANDA
Hapa Nyakiyumbu, karibu na ikweta, kiangazi huja mara mbili: katikati ya mwaka, na tena Desemba hadi Februari. Panda mvua ingali inanyesha, kama Aprili au Septemba, ili mche upate mizizi kabla ya jua kali.

JINSI YA KUPANDA
1. Mshubiri huzaa watoto pembeni, kama mgomba. Chagua mtoto mwenye mizizi yake. Omba kwa jirani, mkimbizi au mwenyeji. Usiende kuchimba katika Hifadhi ya Queen Elizabeth. Kuchukua mimea humo bila kibali ni kosa.
2. Mwache kivulini siku mbili au tatu ili kidonda kikauke. Kidonda kibichi huoza.
3. Toboa matundu chini ya kopo la mafuta. Jaza udongo na mchanga wa mtoni, nusu kwa nusu.
4. Panda, kisha usimwagilie kwa wiki moja.

WAKATI WA KIANGAZI
Weka kopo mahali penye jua la asubuhi na kivuli cha mchana. Lizoeze jua polepole. Kabla ya kumwagilia, ingiza kidole kwenye udongo. Kama ndani kuna unyevu, ngoja. Kama ni pakavu kabisa, mimina kikombe kimoja kwenye udongo, si katikati ya majani.

Kipimo cha chini cha maji wakati wa dharura ni lita 15 kwa mtu kwa siku, kwa kunywa, kupika na usafi. Usimnyime mtoto kwa ajili ya mche. Maji ya kuoshea mboga yanatosha.

SOMA MAJANI
- Membamba na yaliyojikunja: kiu.
- Mekundu au ya kahawia: jua limezidi. Sogeza kivulini.
- Laini, ya njano, yenye majimaji: maji yamezidi. Ng'oa mche, kata palipooza, kausha, panda upya.

TAHADHARI
Ute mweupe wa ndani hupakwa kwenye kuungua kudogo, baada ya kupoza kwa maji safi. Lakini utomvu wa njano chini ya ganda huharisha. Usimpe mama mjamzito wala mtoto. Kuharisha humaliza maji mwilini, na kwa mtoto mdogo huweza kuua. Moto mkubwa au ugonjwa, nenda zahanati mara moja.

Mche ukivuka kiangazi kimoja, utakuzalia watoto wake. Mgawie jirani.